Usipokee, Ni Bipu

Kuna watu ambao simu ikilia wanaipokea. Nilikuja kulijua hilo nikiwa mtu mzima, mbali na kwetu, na mpaka leo linanishangaza. Kisangani, miaka ile ya vita, simu ikilia uliiacha ilie. Ulitazama jina, ukatabasamu, ukasema fulani amenisalimu, kisha ukaendelea kumenya ndizi zako za kuponda, za lituma. Aliyeipokea tulimwona mchawi. Alikuwa amemlia mwenzake unité.

Nieleze vizuri, maana nikisimulia haya kwa watu wa nchi nyingine wananicheka kabla sijamaliza. Unité ndiyo salio. Tulilinunua kwenye kadi ya kukwangua, na dakika chache za kuongea zilimeza pesa ya sombe, yaani kisamvu, ya mafuta na ya samaki wa nyumba nzima. Sasa nani mwenye akili zake angeongea? Tulibipu. Unapiga, ikishalia kwa mwenzako unakata, naye anajua umemkumbuka. Anakubipu na yeye, unajua yupo. Basi, mmeshasalimiana na hakuna aliyepoteza kitu. Wachumba walibipiana, mapadri walibipiana. Nilikuwa na rafiki yangu ng'ambo ya mto, Lubunga, tukabipiana karibu mwaka mzima bila kusikiana sauti, na tulipokutana sokoni tuliendelea na umbeya kama tuliachana asubuhi ile.

Mtu asituone tulikuwa wachoyo. Mji ulikuwa umefungwa. Mto hauendi Kinshasa, maana huko chini kulikuwa na mstari wa vita, na boti zilioza ufukoni. Barabara zilikuwa zimerudi msitu. Sabuni, chumvi, vitenge, yote yalishuka na ndege ya mizigo pale uwanja wa Bangboka, kisha yakapanda kwenye toleka, zile baiskeli za nauli, kuingia mjini, na kila mkono ulioyashika uliongeza bei. Hata maneno yalikuja na ndege, ndiyo maana yalikuwa ghali.

Yaya aliondoka na ndege ya namna hiyo. Yaya kwetu si mtu wa kulea watoto wa watu. Yaya ni dada mkubwa. Wangu alikuwa mmoja tu, na mama alikuwa na sisi wawili tu, baba alishakufa kabla ya vita. Majeshi mawili ya kigeni yalipopigania mji wetu, hakuna hata moja lililokuwa letu, bomu lilianguka karibu na meza yake ya vitenge pale sokoni. Yeye hakuwepo siku hiyo. Lakini aliporudi akaona mahali pale, akasema anaenda. Mdogo wake baba, tonton wetu, alikuwa mfanyabiashara wa jumla kama ndugu zake wengi wa Kivu ya Kaskazini. Akamtafutia nafasi juu ya magunia mpaka Butembo. Kutoka huko yaya akavuka kwenda Kampala, na kutoka Kampala akafika Nairobi, akaanza kusuka nywele za watu.

Mama hakulia alipoondoka. Alisema jambo moja tu, na alilirudia mpaka tukachoka: mimi sitaki pesa, sitaki zawadi, nataka kujua kama mtoto wangu ni mzima mpaka njia zifunguke arudi. Hilo tu. Ukimuuliza mama vita vinaisha lini, anakujibu, vinaisha siku huyu anarudi. Mimi niliyebaki naye nikampikia na kumfulia, wakati mwingine roho iliniuma, nikajisemea, kumbe mimi si mtoto. Lakini ndivyo moyo wa mzazi ulivyo, unamwangalia aliye mbali.

Mwanzoni tulimpata kwa phonie, ile redio ya upepo. Tonton alikuwa nayo nyuma ya depo yake, na mimi nilikuwa nauza pale, kwa hiyo nilizisikia habari za watu wote. Yaya alitafuta wafanyabiashara wa kwetu kule Nairobi, wao wakaongea na Butembo, Butembo wakaongea na sisi, na habari ilipofika ilikuwa imepita midomo mingi. Mara moja moja waliweza kumuunganisha mwenyewe. Mama alikuwa akikaa kwenye sanduku la biskuti, amevaa kitambaa cha misa, akipiga kelele mbele ya wachuuzi wote: mwanangu, unakula? À vous! À vous ni kusema zamu yako, na wachuuzi wote wanangoja kusikia kama anakula. Mambo ya mwilini, mambo ya mume, huwezi kuyasema kwenye phonie. Ulisema uko salama na ulitaja bei ya kitenge.

Kwa hiyo simu za mkononi zilipofika Boyoma, ndiyo Kisangani yetu, mama aliona Mungu amemkumbuka. Tonton alinunua mpya akampa mama ya zamani, kubwa, nzito, yenye antena iliyofungwa kwa plasta. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo tulienda kuichaji kwa jirani mwenye jenereta, na mama alikaa hapo hapo kuilinda mpaka ijae. Aliibeba ndani ya kitenge, kiunoni. Akiwa anatwanga iko, akiwa kanisani iko. Padri alishamsema.

Yaya naye alinunua yake. Alipiga kweli kweli Noeli ile, tukaongea, na akatupa masharti. Kupiga Kongo kutoka Nairobi kulikuwa ghali kuliko kupiga Ulaya. Sijui ni kwa nini. Ulaya ni ng'ambo ya bahari, na sisi tuko hapo nyuma ya Uganda tu. Akasema atapiga Noeli na Pasaka, siku nyingine atabipu, na sisi tusipokee. Mama akakubali kabla hajamaliza kusema. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, nani anapokea bipu?

Yaya alitusimulia pia mambo ya huko. Alisema Nairobi watu hawabipu ovyo, wanaandika. Ujumbe wa kuandika ulikuwa rahisi sana, hata mtu aliye chumba cha pili anamwandikia mwenzake aje kula. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye yaya akaanza kutuandikia na sisi, lakini kati ya kampuni yake na yetu sijui kulikuwa na shimo gani. Siku moja unafika, siku nyingi haufiki, na mwandishi anaambiwa umekwenda. Uliofika nilimsomea mama: "Mum uko poa? Mi niko fiti." Mama akaniuliza hicho ni Kiswahili cha wapi. Nikamwambia mtoto wako ameshakuwa Mkenya, jiandae. Nilikuwa natania tu.

Basi ikabaki bipu. Kila Jumapili baada ya misa, yaya alibipu, mama akabipu, na nyumba ikatulia wiki nzima. Baada ya muda mama akaitengenezea bipu sheria zake mwenyewe. Mlio mfupi ilikuwa salamu ya haraka, mtoto ana kazi. Mlio mrefu ilikuwa mapenzi. Mtu anayekuachia simu ilie, ilie, bila kukata, huyo amekaa na wewe, alisema. Amekukumbuka na hana haraka ya kuondoka. Na kwa kuwa kulia ni bure, ni zawadi ambayo hata maskini anaweza kutoa. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Majirani walijifunza kwake. Mtaa wetu wa Mangobo ulifika mahali watu wanagombana kwa sababu fulani amebipu kifupi sana.

Nayasimulia haya taratibu kwa sababu sina haraka ya kufika mbele.

Ilikuwa msimu wa mvua, njia zetu zote matope. Yaya akaanza kubipu siku zisizo Jumapili. Jumatatu alibipu, tukasema mh, leo ana nafasi. Kesho yake akabipu asubuhi na mchana. Mama alifurahi, uso ulimng'aa, akamrudishia kila moja. Akirudisha, baada ya kitambo yaya anabipu tena, fupi, fupi. Mimi nilianza kukereka. Niliona kama mchezo wa watoto, mmoja anagonga, mwingine anagonga. Nikamuuliza mama, huyu hasuki nywele siku hizi? Mama akaniambia wivu utaniua. Akaenda kuwaambia majirani kwamba mtoto wake wiki hii ana mapenzi mengi, bila shaka anataka kurudi.

Siku moja ya wiki ile, mchana, nilikuwa nimerudi kula. Mama alikuwa amekaa jikoni, simu juu ya mapaja, akipepeta mchele. Ikalia. Jina la yaya. Ikalia, ikaendelea kulia. Mama akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akafumba macho. Mimi kwa uchokozi nikanyoosha mkono nikitaka kuipokea, nimwambie yaya aache utoto. Mama alinipiga kofi la mkono, si kwa nguvu, lakini alimaanisha.

"Acha," akasema. "Usimukulie mutoto unité."

Ikalia mpaka ikajinyamazia yenyewe. Mama hakufungua macho. Ikaanza tena, mpaka mwisho. Ikaanza tena. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na mama ameinamisha shingo kuelekea ile simu, akitabasamu, kama mtu anayesuguliwa mgongo. Iliponyamaza kabisa akavuta pumzi, akasema leo amekaa na mimi sana, asante Mungu. Akambipu mara moja kumshukuru. Akauchukua ungo wake, akaendelea.

Hakuna jibu lililokuja. Jumapili tulitoka misa, simu kimya. Mama alisema labda mtandao umeanguka kwa ajili ya mvua, akanituma nikaangalie kama simu za wengine zinalia. Zilikuwa zinalia.

Habari ilikuja kwa phonie. Nilikuwa depo, napanga maboksi ya sabuni, nikasikia Butembo wanaita, sauti ya mtu ninayemjua, lakini leo haitaji bei. Akasema Nairobi wametuma neno kwa familia. Tonton alikimbilia kile chombo ili asikie peke yake, lakini phonie si kitu cha kusikia peke yako. Wachuuzi wote walisikia. Mimi nilisikia na boksi mkononi. Yaya alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu, hospitali, na watu wa kwetu walioko kule walikuwa wamemzika, kwa sababu hakukuwa na namna ya kumleta. Nikamsikia tonton akisema, tumepokea. À vous.

Sitasimulia jinsi mama alivyoambiwa. Alikwenda tonton, na akina mama wa parokia nyuma yake, na mama alipowaona wamevaa nguo za msiba, wameingia bila kupiga hodi, hakungoja waseme. Matanga tuliyafanya bila mwili. Watu walikuja kulia mbele ya picha, na mimi nilikasirikia kila mtu, hata waliokuja na chakula. Mama alikaa kwenye mkeka akiuliza swali moja: mbona alikuwa anabipu? Kama mtu anaumwa, anapata wapi nguvu ya kusalimia? Sisi wote tuliona labda ugonjwa ulikuja ghafla, baada ya zile bipu, na tulimfariji hivyo. Mama akaushika ule ushahidi: mpaka siku ile mwanangu alikuwa mzima, alinisalimu vizuri. Hilo lilimsaidia kulala.

Ilipita miezi. Msimu wa kiangazi ulipofika, mwanamke mmoja aliyeishi na yaya chumba kimoja kule Nairobi akaja Kisangani. Alikuwa mtu wa Uvira, msusi mwenzake, naye alikuwa amechoka na Nairobi, anafuata ndugu zake waliokuwa mjini kwetu. Alituletea nguo za yaya kwenye mfuko. Alikuwa mtu mzuri, nataka niliseme hilo. Alikula kwetu, alilia na mama, akamsifu marehemu kama inavyopasa. Halafu, akitaka kumtuliza mama, akasema:

"Alikupenda sana, mama. Hata pale hospitali, kila siku alikuwa anakubipu umpigie."

Niliinuka nikasema nikupe maji, nikupe samaki kidogo, nilikuwa natafuta chochote cha kumziba mdomo. Mama akaninyooshea kiganja nikae. Akamuuliza yule mwanamke, kwa upole sana, kwamba huko Nairobi bipu ni kitu gani.

Naye akaeleza, bila kujua anaeleza nini. Huko mtu habipu kusalimia. Anayetaka kusalimia anaandika. Ukimbipu mtu, unamwambia sina salio, nina shida, nipigie wewe. Yaya alipolazwa hakuwa na chochote, kwa hiyo aliandika kwanza ujumbe kwamba anaumwa. Hakupata jibu. Ndipo akaanza kubipu. Alikuwa amekaa kule muda mrefu, mkono wake ulishazoea vya kule.

"Na mimi nilipomubipu?" mama akauliza.

Yule mwanamke akatazama chini. Sasa na yeye alikuwa ameanza kuelewa. Akasema yaya alidhani mama hana unité pia. Mama anataka kuongea na mimi, alisema, mama ananiomba nimpigie, na mimi nimelala tu hapa. Kila bipu ya mama ilimsumbua. Mwisho akamtuma yule mwenzake akauze pasi yake ya umeme, anunue kadi. Ile kadi waliikwangua pale kitandani.

"Nilimushikia simu kwenye sikio mimi mwenyewe," akasema. "Ililia mpaka ikaisha. Tukarudia. Hakukasirika, mama. Alisema utakuwa umeenda sokoni, umeisahau nyumbani."

Mama alikuwa amekaa mahali pale pale jikoni. Hakupiga kelele. Nilingoja apige kelele, ningejua la kufanya. Aliutazama mkono wake, ule alionipigia, akauweka juu ya paja akaufunika na ule mwingine. Mgeni akaanza kulia, akisema nisamehe mama, nilidhani mnajua. Mama ndiye aliyembembeleza. Alimwambia wewe hukufanya kitu, kula, mwanangu, chakula kinapoa.

Nimewahi kukaa Nairobi mimi mwenyewe baadaye, na Kampala pia kidogo, na nimezoea mambo yao. Nabipu ninapotaka kupigiwa. Naandika ujumbe kwa mtu aliye chumba cha pili. Mara nyingine nakaa na vijana wa kule wananisimulia jinsi zamani walivyowabipu wazazi wao wapate kupigiwa, wanacheka, na mimi nacheka nao mpaka mahali fulani. Ni kitu kidogo sana, mlio wa simu. Nchi mbili zinasema karibu lugha moja, mtu wako anavuka, anakula ugali wao, anasuka vichwa vyao, na hujui kwamba hata simu yake imeanza kulia kwa namna nyingine. Hakuna wa kulaumiwa. Nimetafuta sana wa kulaumiwa, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na hasira inataka mahali pa kwenda, na sijampata.

Mama alianza kupokea. Simu yoyote, ya nani, saa yoyote, kabla mlio wa kwanza haujaisha amekwisha kuiweka sikioni. Mji mzima ulikuwa bado unabipu, na majirani walikuja kwangu kulalamika, wengine kwa aibu, wengine kwa hasira: mama yako anatukulia unité. Binti mmoja wa parokia alilia kabisa, kadi yake yote imekwenda kwa salamu ya Jumapili. Watu wakaanza kufuta namba yake. Nilimgombeza. Nilimwambia mama, unafukuza watu, utabaki peke yako na hiyo simu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema ndiyo, kisha hakubadilisha kitu.

Siku moja nilikuwa depo, mizigo imechelewa Bangboka, nikataka ajue nitachelewa na mimi. Kwa mazoea, bila kufikiri, nikambipu. Kidole changu kilikuwa kinaenda kukata.

"Niko," akasema. "Sema, mama. Niko."

Mama ni mimi. Kwetu mzazi humwita binti yake hivyo. Nikamwambia ilikuwa bipu tu, akate, kadi inakwenda.

"Najua," akasema. "Sema."

Nilikuwa nimesimama kati ya maboksi, wachuuzi wananitazama, unité zinamwagika. Nikamwambia ndege haijafika. Nikamwambia nimekula nini mchana, na kwamba kiatu changu kimekatika kamba, na kwamba kwa upande wa Lubunga mvua inakuja. Alikuwa akinisikiliza, nikisikia pumzi yake. Niliendelea kusema, chochote kilichonijia, mpaka kadi ikaisha.